Kinyozi Aliyehesabu Kanga

Kinyozi wetu wa Kirumba alikuwa mwongo, na kila aliyewahi kukaa kwenye kiti chake alilijua hilo. Alisema aliwahi kumnyoa waziri ndani ya meli ya Bukoba, ziwa limechafuka, abiria wanatapika, na wembe haukuteleza hata mara moja. Alisema ana shamba la kahawa ambalo ekari zake ziliongezeka kila mwezi bila yeye kwenda kulima. Alisema sangara mkubwa kuliko wote waliowahi kushushwa soko la samaki la Mwaloni alilazwa mbele ya mlango wake, mkia ukafika kwa jirani. Ukimwuliza ni mwaka gani, anakuinamisha kichwa kwa vidole viwili na kusema, "Tulia, nitakukata."

Jambo moja tu hakulidanganya kamwe, nalo ni kanga. Akikwambia asubuhi ameona kanga thelathini na wanne wakishuka kunywa maji, basi walikuwa thelathini na wanne, na katika hao angekwambia wangapi wamezaliwa mwaka huu. Naanza na hili kwa sababu wengi wanaomkumbuka wanakumbuka uongo wake. Wanasimulia habari za waziri na sangara, wanacheka, wanaishia hapo. Mimi kucheka kunanishinda. Alifariki mwaka jana kwa binti yake huko Kagera, na msibani sikwenda. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha.

Nazungumzia kanga wa porini, wale wa madoa meupe na shingo ya buluu, si wa kufugwa. Msimu wa kuwinda ndege hufunguliwa mwezi wa saba, na mwezi mmoja kabla ya hapo Kinyozi alikuwa hapatikani. Alifunga duka, akabandika kipande cha karatasi mlangoni kilichoandikwa NIPO SENGEREMA, akavuka na kivuko hadi Kamanga akiwa na mfuko mmoja wa nailoni na blanketi. Wateja wake walikaa na nywele zao mpaka arudi. Ilifika mahali ukimwona mwanaume wa Kirumba ana nywele ndefu mwezi wa sita hukumwuliza ana nini.

Mwenyewe hakuwa na bunduki wala hakuwahi kuishika. Wenye bunduki tulikuwa wanne. Mimi nafundisha hesabu shule ya sekondari na nakaa Pasiansi; bunduki yangu ya marisau niliachiwa na marehemu baba, ikiwa na karatasi zake zote. Wengine walikuwa mwenye duka la vipuri vya injini za mitumbwi, karani mmoja mstaafu, na fundi seremala. Kila mwaka tulikata leseni, na leseni inakwambia idadi unayoruhusiwa. Lakini sisi hatukufuata leseni, tulimfuata Kinyozi, ambaye siku zote aliruhusu pungufu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Siku ya mwisho ya mwezi wa sita, duka likifunguliwa, sisi wanne ndio tulionyolewa kwanza. Unakaa, anakufunga taulo, anakupaka povu. Wembe ukiwa shingoni, anainama na kukutajia sikioni namba yako: sita, au nne, au mbili. Hujibu, kwa sababu ukijibu koo linasogea. Fundi seremala aliwahi kusema ni mahakama pekee anayoijua ambapo hakimu anakushikia kisu, na Kinyozi akamwambia ndiyo maana hukumu zake hazikatiwi rufaa. Mwaka mmoja, kabla sijajiunga nao, walimpuuza wakapiga walivyotaka. Mwaka uliofuata walitembea wiki nzima wakarudi na njiwa wawili. Tangu hapo hakuna aliyebishana na kiti kile.

Mimi alinikaribisha porini kwa sababu ya likizo. Shule zinafungwa mwezi wa sita, na nilikuwa natafuta sababu ya kutoka nyumbani. "Wewe mwalimu wa hesabu," aliniambia, "njoo ukahesabu vitu vinavyotembea. Za ubaoni zimesimama, hata mjinga anaziweza."

Kutoka Kamanga tulipanda bodaboda hadi njia inapoishia kwenye mawe, kisha tukatembea. Tulifikia kwa mama mmoja mjane, mkulima wa karanga na mpunga, ambaye nyumba yake ilikuwa kati ya lambo la kunyweshea ng'ombe na kilima cha mawe. Nyuma ya kilima kuna kijito. Lamboni lilikunywa kundi moja la kanga, kijitoni kundi jingine, na hayo ndiyo makundi mawili aliyoyajua Kinyozi kwa miaka yote.

Yule mama aliwachukia kanga kwa moyo wote. Mvua za kwanza zikinyesha anapanda karanga, na asubuhi anakuta wamezifukua mstari mzima. Alimsalimia Kinyozi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na kabla hajaitikiwa vizuri alishaanza mashtaka.

"Wewe unakuja kuwahesabu, mimi wananimalizia mbegu. Ukishamaliza kuwahesabu uwaambie wahame."

"Nitawaambia, mama. Lakini nao wana mashtaka yao. Wanasema karanga zako mwaka huu ni ndogo."

"Ndogo kwa sababu kubwa wameshakula."

Waliendelea hivyo mpaka ugali ukaiva. Sikuwahi kumsikia akimdanganya yule mama, na nadhani ni kwa sababu uongo wake ulikuwa wa mjini, kama viatu vyake vyeusi ambavyo aliviacha kwa jirani wa kivukoni na kuvaa kandambili za tairi.

Tuliamka kabla ya mapambazuko na kwenda kukaa. Sina neno jingine la kazi ile zaidi ya kukaa. Alichagua jiwe lenye kivuli kwa nyuma, akaegemea, akatia mdomoni buni mbili tatu za kutafuna, zile za kwao zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mtu alimletea na basi zikiwa zimefungwa kwenye jani la mgomba. Kinywa kikiwa na kazi, alisema, hakikohoi. Mimi nilikatazwa kusema, kujikuna, na kuvaa shati jeupe.

Kwanza unawasikia. Kanga wanalala juu ya miti ya migunga, na kukikaribia kupambazuka wanaanza kelele zao za kugombana. Alinifundisha kuwatofautisha: jike anatoa sauti ya vipande viwili, dume kipande kimoja tu. Kwa macho wanafanana, na watu wengi wanaokula kanga maisha yao yote hawajui hilo. Kisha wanashuka mmoja mmoja, wanajikung'uta, wanasimama kidogo wakikagua, halafu wanakuja majini kwa mstari. Hapo ndipo nilipokosea siku ya kwanza. Nilianza kuhesabu wakiwa njiani, nikafika kumi na tisa, wakapishana, nikaanza upya, nikachanganyikiwa kabisa.

"Usihesabu anayetembea," alininong'oneza. "Ngoja anywe."

Wakinywa, vichwa vinashuka, mmoja anabaki kichwa juu akilinda. Unahesabu migongo, unaongeza mlinzi. Unangoja wapokezane, unahesabu tena. Kisha unawatafuta watoto wa mwaka huu, ambao bado wana rangi ya kahawia na kipembe cha kichwani hakijakua. Watoto wakiwa wengi kuliko wakubwa, mwaka ni mzuri na unaweza kutoa. Wakiwa wachache, unaacha. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, na sijapata kuona elimu iliyohitaji makalio magumu namna ile. Tulikaa mpaka jua kali, walipokwenda kuoga vumbi chini ya vichaka, na yeye alikuwa hajabadilisha mguu.

Mtu huyo huyo dukani hakuwa na subira ya dakika tano. Mtoto akilia kwenye kiti alimwambia mama yake amrudishe akishakua. Aligombana na jirani wa kushoto kwa sababu ya redio na jirani wa kulia kwa sababu ya maji ya dagaa yaliyotiririka mlangoni pake, na ugomvi wa dagaa ulidumu miaka mitatu. Kuku hakula, alisema ni mnyama asiye na akili. Kanga alimla kwa furaha kubwa, akanyonya na mifupa. Niliwahi kumwuliza kama hasikii vibaya, maana wengine aliwapa majina. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nikisikia vibaya nitakula nini? Mimi sikatazi wasife. Nakataza wasiishe."

Majina yalikuwa ya wale wenye kasoro, kwa sababu hao ndio unaowatambua kutoka mbali. Kulikuwa na Bibi Harusi, jike aliyetembea akiburuza bawa. Kulikuwa na Kipembe, dume la lamboni ambalo kipembe chake cha kichwani kilivunjika katikati, kikabaki kama kisiki. Kila mwaka Kinyozi alimtafuta Kipembe kwanza, na akishamwona alipumua na kutema buni.

Sasa niseme habari za mke wake, ingawa si habari ninayopenda kuisema. Alikuwa mama mpole, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao la Kilutheri. Mwaka mmoja alianza kukonda. Majirani waliona, wanakwaya wenzake waliona, mimi mwenyewe nilipopita kumsalimu niliona kitenge kinamzunguka mara mbili. Aliugua tumbo na akaficha, maana mwezi wa sita ulikuwa umekaribia na hakutaka kumharibia mumewe safari. Alimfungia mfuko wake, akamwekea buni, akamsindikiza mpaka barabarani. Kinyozi alikaa Sengerema siku kumi na sita. Aliporudi alimkuta hospitali, na mwezi wa nane tukamzika.

Baada ya arobaini nilikwenda kunyolewa. Hakukuwa na mteja mwingine. Alininyoa upande mmoja, kisha akasema, "Mwalimu, mwezi wa sita niliona kanga mmoja mgonjwa kutoka ng'ambo ya lambo. Nilimjua kwa jinsi alivyochelewa kunyanyua kichwa. Nikakaa siku mbili zaidi nione kama atapona."

Akapangusa wembe kwenye taulo.

"Na mlikuwa mnajua," akasema. "Kirumba nzima mlikuwa mnajua. Mtu mmoja angeniambia. Ningekasirika, ndiyo. Ningemtukana. Lakini angeniambia."

Nilimwomba radhi. Akasema haina haja, akanipaka spiriti nyuma ya shingo. Sauti yake siku hiyo naikumbuka kuliko hadithi zake zote za uongo, na ndiyo sababu nilichokifanya baadaye hakina utetezi.

Macho yalianza kumwondoka taratibu. Kwanza aliongeza taa, akafunga balbu mbili juu ya kioo mchana kweupe. Kisha wateja wakaanza kutoka na kishungi cha nywele nyuma ya sikio. Mtu anafika nyumbani, mkewe anamcheka, anachukua mkasi anamalizia. Hakuna aliyerudi kumwambia. Mzee wa watu, walisema, utaanzaje? Wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, ambako vijana walikuwa wamefungua saluni yenye muziki na viti vyekundu. Walijificha wasionekane wakiingia, na sasa najua kwamba hata wasingejificha asingewaona. Mimi alinikata sikio. Si sana, damu kidogo tu. Akasema nimetikisika. Nikasema, "Kweli mzee, nimetikisika." Sikuwa nimetikisika.

Mwezi wa sita wa mwaka ule tulivuka wote wawili kama kawaida. Mvua zilikuwa mbaya. Lambo lilikuwa limeshuka mpaka matope yalionekana, na yule mama mjane alikuwa na mpunga wa magunia mawili tu. Njiani niliona anashika mawe kwa mkono kabla ya kukanyaga. Nilijiambia ni uzee.

Asubuhi ya kwanza tulikaa lamboni. Walikuja. Alihesabu kwa midomo, mimi nikahesabu kwa vidole, tukalingana: thelathini na wanane. Hapo hakukosea, maana kundi likiwa limekusanyika pamoja majini, weupe wa jua nyuma yao, hata jicho bovu linaona migongo. Alifurahi. Nilimwona Kipembe akinywa pembeni, kisiki chake kichwani, nikamnong'oneza, naye akatema buni.

Asubuhi ya pili tulikwenda kijitoni, nyuma ya kilima. Walikuja tena. Thelathini na saba. Kinyozi alinishika goti kwa furaha. Katika mwaka wa ukame, makundi mawili makubwa namna ile ilikuwa ni zawadi.

Nami nikamwona Kipembe. Alitoka nyuma ya jiwe, akaja mpaka ukingoni, akasimama mlinzi mbele yetu kwa muda mrefu, kana kwamba anataka kuonekana vizuri. Alikuwa yeye. Nyuma yake alikuja Bibi Harusi, naye wa lamboni, akiburuza bawa. Nikaelewa mara moja, kama mtu anavyoelewa jibu la swali kabla hajaandika njia yake. Hapakuwa na makundi mawili. Kundi la kijitoni lilikuwa limekufa au limehama na ukame, na hili moja lililobaki lilikuwa linakunywa leo huku, kesho kule. Tulikuwa tumehesabu ndege wale wale mara mbili.

Kinyozi aligeuza uso kwangu. "Mwalimu," akanong'ona, "umemwona yeyote tunayemjua?"

Aliniuliza. Nataka hilo lieleweke. Hakujifanya anaona, wala hakujikweza. Aliniuliza kwa sababu alishaanza kujishuku mwenyewe.

Nikasema, "Hapana, mzee. Hawa ni wageni."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nimejiambia ni heshima: ungemwambiaje mzee, ambaye kitu pekee alichokuwa nacho ni hesabu yake, kwamba haoni tena? Na ni kweli kulikuwa na heshima. Lakini kulikuwa pia na kingine. Miaka miwili mfululizo alikuwa amenipa namba mbili, na makundi mawili makubwa yalimaanisha tano. Nilikuwa nimewaalika wakwe zangu kula kanga. Hiyo ndiyo ilikuwa bei, na kuisema kunanitia aibu mpaka leo.

Siku ya mwisho ya mwezi tulikaa kwenye kiti, mmoja baada ya mwingine. Sikioni kila mmoja alisikia tano. Mwenye duka la vipuri alitoka akipiga mluzi.

Tulipiga ishirini, wanne mara tano, ndani ya wiki ya kwanza. Waliobaki walitawanyika. Kanga wakipungua namna ile hawana walinzi wa kutosha, mwewe na paka pori wanamalizia kazi, na wengine wanahama kutafuta wenzao. Fundi seremala ndiye aliyerudi mwezi wa tisa kutafuta mbao, akapita lamboni na kijitoni, akakaa siku mbili kote kote. Alikuja dukani moja kwa moja kutoka kivukoni.

"Mzee, kule hakuna kitu. Hata unyoya."

"Umekaa vibaya," Kinyozi alisema.

"Nimekaa kama ulivyotufundisha."

Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi nikisoma gazeti la jana. Kinyozi alizima mashine ya kunyolea. Alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumwona akilifanya. Akasema polepole, "Lilikuwa moja. Lilikuwa kundi moja, nami nimelihesabu mara mbili." Hakuna aliyemwambia, alifika hapo peke yake. Kisha akamwomba radhi fundi seremala, na akaniomba radhi mimi. Nikasema, "Yametokea, mzee." Ndiyo maneno niliyosema. Mteja alimaliziwa nywele upande wa pili wa barabara.

Wiki ile ile alikubali kupelekwa hospitali. Daktari alisema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu, kilichopotea hakirudi. Angekuja mwaka mmoja kabla, wangeokoa kiasi. Kinyozi alisikiliza, akauliza kama daktari mwenyewe ananyolewa wapi. Duka likafungwa mwezi uliofuata. Mvua zilipoanza nilikwenda kumsalimu yule mama mjane, nikamkuta ameinama shambani. Nikamwuliza karanga zinaendeleaje.

"Mwaka huu zimeota zote," akasema. Alisimama akiangalia mistari yake iliyonyooka bila pengo hata moja, na hakuonekana mwenye furaha. "Mwambie mzee asubuhi kumekuwa kimya mno."

Sikumwambia.

Mwezi wa sita uliofuata binti wa Kinyozi alikuja kumchukua. Mizigo ilikuwa imeshafungwa, meli ilikuwa ya keshokutwa. Kinyozi akamtuma mtoto wa jirani aje aniite, na nilipofika nilimkuta amevaa kandambili za tairi.

"Nipeleke," akasema.

"Mzee, hutaona kitu."

"Wewe utaona."

Binti yake alikataa, kisha akalia, kisha akakubali. Tulivuka. Kwenye kivuko aliwadanganya akina mama wawili wauza dagaa kwamba yeye ni nahodha mstaafu, nao wakamwamini au wakamhurumia. Kutoka njia inapoishia nilimshika mkono, tukatumia karibu jioni yote kufika. Yule mama alitupikia. Hawakutaniana.

Alfajiri nilimkalisha kwenye jiwe lake la lamboni. Mvua za mwaka huo zilikuwa nzuri, maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye nyasi. Alitia buni mdomoni. Tukasubiri. Migunga ilianza kuonekana, kwanza nyeusi, kisha ya kijani. Hakuna kilicholia isipokuwa tetere na ng'ombe wa mbali.

"Wameshuka?"

"Bado, mzee."

Jua likachomoza. Nikaangalia njia yao yote, kutoka kwenye miti hadi majini. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake.

"Sasa?"

Alikuwa amenyoosha shingo mbele, uso wake mzima umekunjamana kwa kusikiliza. Kesho yake alikuwa anaondoka na asingerudi tena. Nikaangalia lambo tupu, nikasema, "Wameshuka."

"Hawasemi."

"Wanaogopa, mzee."

"Wana haki." Akapumua. "Hesabu. Usiwahesabu njiani."

Nikangoja muda ambao kundi lingechukua kufika majini. Kisha nikahesabu kwa kunong'ona, polepole, nikiacha nafasi mahali ambapo wangepishana. Mmoja. Wawili. Watatu. Nilipofika saba nilinyamaza kidogo, kama mtu anayengoja mwingine atoke kichakani. Machozi yalikuwa yananitoka, nikamshukuru Mungu kwamba haoni, na nikajichukia kwa shukrani hiyo. Nilifika kumi na wawili nikashindwa kuendelea.

"Kumi na wawili," akasema. "Watoto?"

"Wanne."

Alipiga hesabu kwa midomo. Sikuwahi kuona uso wake umetulia namna ile tangu mkewe afariki.

"Kumi na wawili ni wachache, lakini wanatosha kuanzia," akasema. "Mwaka huu asiguswe hata mmoja. Na mwaka ujao. Uwaambie wenzako watatu, useme ni neno langu. Umesikia?"

"Nimesikia. Hatutawagusa."

Akanyoosha mkono, nikamwinua. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, akaniegemea mpaka damu irudi. Ndipo akasema, karibu kabisa na sikio langu, bila uchungu wowote:

"Mwaka jana ningekuwa na macho kama yako, Mwalimu, leo wangekuwa wengi."

Nikamwongoza kushuka, jiwe kwa jiwe, nikimwambia wapi aweke mguu. Mwaka huo aliousema nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, na niliona.